Ufagio wa Kwa Bibi Ruti

Jumapili, 7 Septemba. Same

Vifungo kumi na viwili nimeshona. Sketi nne za shule nimepiga pasi. Kidonge cha presha nimemeza. Cherehani nimeifunika shuka, na mteja atakayebisha hodi kesho shauri yake.

Kesho Kilosa. Nina miaka hamsini na saba, mama yangu katoka huko, na mimi sijawahi kupaona hata kwa dirisha la basi. Baba alimkuta huko alipokuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akamwoa, akaja naye huku Upare. Nilipokuwa na miaka minne mama akafa, akazikwa hapahapa Same. Upande wa kwao ukakatika hapo. Baba hakupenda kuulizwa, nami nikaacha kuuliza.

Mwaka jana tulipomzika baba nikakuta bahasha kwenye sanduku lake, ina anwani ya kanisa huko Kilosa. Nikaandika barua. Miezi miwili baadaye simu ikaita. "Dada, mimi naitwa Neema, mtoto wa mama yako mdogo Debora. Mama yupo, mzima." Nililia mbele ya mteja. Hata kiuno chake nilikipima vibaya, gauni likaja kumbana.

Neema kaniambia niende wiki hii. Jumamosi ukoo wa mama unafagia makaburi, kama kila kiangazi kabla mvua hazijaanza. Wakaguru, kabila la mama, ndivyo walivyo. Bibi yangu Ruti, mama yake mama, amezikwa hapo. Wenye ukoo wanashika fagio, wageni wanakaa pembeni kwenye mkeka. Basi. Mimi nataka ufagio. Sina haja na kingine huko.

Zawadi: vitenge sita, sukari, mchele, majani ya chai ya Usambara. Begi halifungi. Nimelikalia.

Jumatatu, 8 Septemba. Kilosa

Nimefika. Nimepanda treni ya umeme kutoka Morogoro, mara yangu ya kwanza. Inaondoka bila kelele, unadhani ni stesheni inayosogea. Nimekaa dirishani nimeshika begi kwa mikono miwili kama mtu anayepelekwa kuolewa. Bwana mmoja jirani yangu akanihurumia, akaniambia mahandaki ya treni yako baada ya Kilosa, sitayaona. Nilisikitika. Nikasahau dakika hiyohiyo, maana milima ilikuwa imeanza.

Neema kanipokea. Mfupi, anacheka na mabega. Tumefanana paji la uso, nimeshindwa kuacha kumtazama. Bajaji mpaka nyumbani, vumbi jekundu, mijohoro pande mbili za barabara, watu wachache, baiskeli nyingi. Mji mtulivu kiasi kwamba nilisikia saa yangu ya mkononi.

Uani ukoo umejaa. Nikapiga magoti mbele ya Mama mdogo Debora. Shikamoo. Marahaba. Mzee sasa, miaka karibu themanini, mwembamba, mgongo umenyooka. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Wewe ni nani?" Nilijua ni desturi, maana jina langu analijua. Nikasimama, nikajieleza nilivyofundishwa tangu mtoto. Mimi Naomi, baba yangu fulani, babu yangu fulani, ukoo wetu wa Upare huu, mlima wetu ule. Sikukwama hata mahali pamoja. Shahidi mzuri mahakamani.

Mama mdogo akasema, "Asante. Karibu sana, mgeni wetu."

Nikaletewa kiti cha peke yake, cha mto, kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kuku kachinjwa. Nimefurahi mpaka najiogopa.

Jumanne, 9 Septemba

Mto Mkondoa. Lazima niandike habari za mto.

Nilidhani mto ni maji. Kiangazi hiki mto ni mchanga, mweupe, mpana, na maji yamejikunja upande mmoja, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Watu wanauvuka kwa miguu, baiskeli begani, wanaendelea na mazungumzo yao. Neema anasema wakati wa masika maji hayohayo yanakuja yanabeba miti mizima, ndiyo maana kuna lile tuta refu kandokando. Sikuamini. Akanionyesha alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba moja, juu ya dirisha. Nikaamini.

Kwenye kingo wanawake wamelima bustani. Mchicha, vitunguu, nyanya chungu, matuta yamenyooka kama mishono ya fundi mzuri. Wanachota maji kwenye visima vifupi walivyochimba mchangani, wanamwagilia kwa keni. Milimani moshi wa watu wanaochoma mashamba. Ndege yangeyange wanatembea katikati ya vitunguu kana kwamba nao wana tuta lao. Nilivua viatu nikaingia majini. Ya vuguvugu. Nilicheka peke yangu na wala sikuona haya.

Kuna bustani ya Neema. Nikachukua keni nimsaidie. Akaniondolea mkononi, taratibu. "Kaa hapo kivulini, dada, mgeni hachoki kwetu." Akatandika kanga, nikakaa, nikaangalia watu wakifanya kazi. Sijawahi kukaa hivyo tangu nizaliwe.

Mchana kuku tena.

Jumatano, 10 Septemba

Kuku wa tatu.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Jembe liko wapi?

Nimeamka kabla ya wote, nikaanza kufagia uwanja. Mama mdogo akatoka, akasimama mlangoni. Hakugomba. Akamwita mkwewe aje achukue ule ufagio kutoka kwangu, akaagiza nipelekewe kiti. Kile chenye kitambaa. Wao wanakaa kwenye mikeka na vigoda, wanachambua mchicha, wanataniana, wanagombezana, mimi niko juu peke yangu kama mgeni rasmi wa mahafali. Nikikaribia, mazungumzo yanahama kutoka Kikaguru kuja Kiswahili na yanakuwa ya adabu.

Sukari yangu haijafunguliwa. Vitenge viko juu ya kabati na karatasi zake.

Nimemuuliza Neema kuhusu Jumamosi. Kasema, "Utapelekewa kiti, dada, usiwe na wasiwasi."

Nina wasiwasi. Sikuja kutoka Same kuletewa kiti makaburini.

Alhamisi, 11 Septemba. Mikumi, kisha Kilosa

Siku kubwa. Nimechoka, nimejaa vumbi, nimejua.

Mama mdogo aliamuru mgeni atembezwe. Basi la alfajiri, mimi na Neema. Tumepita kijiji kinachoitwa Ulaya. Nimefika Ulaya bila pasipoti, nitamwambia kila mtu Same. Mikumi mjini ni malori, mahindi ya kuchoma, na watu wa safari ndefu wanaojinyoosha viuno. Neema ana ujanja wake: hatuna gari la kuingia mbugani, lakini barabara kuu inapita katikati ya mbuga. Tukapanda basi la kwenda Doma, upande wa pili, tukashuka, tukapanda jingine kurudi. Dirishani muda wote.

Pundamilia. Nyumbu. Twiga watatu, mmoja kasimama karibu na barabara anatafuna, anatutazama sisi kama ndio tuliokuja kuonyeshwa. Halafu tembo. Nyasi za kiangazi zimekauka, fupi, hakuna cha kumficha. Mkubwa, mwekundu kwa vumbi, na nyuma yake wengine, sikupata kuwahesabu. Nikamshika Neema paja nikamfinya mpaka akapiga kelele. Basi zima likacheka. Kwetu Same tunao tembo huko Mkomazi, na mimi kwa miaka yote hiyo sijawahi kwenda kuwatazama. Mjinga mimi.

Tukala chipsi mayai pale stendi. Bado nacheka, bado naeleza habari za tembo, Neema akaweka uma chini.

"Dada, nikuambie kitu, usinichukie."

Akaniambia. Siku ile niliyoulizwa mimi ni nani, nilitaja watu wa baba mpaka mlima wao. Upande wa mama sikutaja hata mtu mmoja. Kwa Wakaguru mtu ni wa mama yake. Ukoo unapita tumboni. Baba unamtaja baadaye, kwa heshima zake. Mimi nilisimama katikati ya ukoo wangu, wote wametega masikio, nikasema kwa sauti kubwa na nzuri kwamba mimi ni wa kwingine.

"Mama akasema basi, mtoto kajisema mwenyewe. Na mgeni tunajua kumpokea."

Nikamuuliza kwa nini hakunishtua. Kasema Mama mdogo alikataza, alitaka asikie langu, siyo la kufundishwa. Akaongeza jambo moja, akiangalia sahani. Mama yangu alipokufa hawakuitwa. Habari iliwafikia Kilosa baada ya mwezi. Mama mdogo aliapa hatakanyaga Upare. Kwa hiyo nilipoanza kutaja ule mlima kwa majivuno, Neema anasema alimwona mama yake akifumba macho.

Watu husema sisi Wapare tunapenda kesi. Leo nimeona nilivyojihukumu mwenyewe bila wakili.

Nina aibu. Nimekasirika pia. Ningejuaje? Nani aliniambia? Hata jina la ukoo wa mama silijui, hakuna aliyewahi kulitamka mbele yangu. Na bado, chini ya aibu, kuna furaha imekaa inagoma kuondoka. Kumbe nina kwetu. Upare niliambiwa tangu utotoni kwamba mtoto wa kike ni wa kupita tu. Huku mtoto wa kike ndiye ukoo wenyewe, na mimi ni mtoto wa binti mkubwa. Nilikaa juu ya kiti siku nne bila kujua hilo.

Ijumaa, 12 Septemba

Upumbavu asubuhi. Nimekwenda sokoni nikanunua fagio kumi na tano za chelewa, mpya, nikazibeba kichwani mpaka nyumbani. Nilitaka Mama mdogo aone nia yangu. Kapokea kwa mikono miwili, kanishukuru, kaziweka kabatini karibu na sukari.

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Ufagio wa makaburini haununuliwi. Kila mtu anakata vijiti vyake, anafunga wake. Akasema yeye hajanifundisha kitu, ameniambia tu kwa nini anacheka.

Jioni kabla ya jua kuzama nikaenda peke yangu kandokando ya tuta. Kuna kichaka chenye vijiti vyembamba vinavyonyumbuka. Nikakata kwa mkasi wangu wa kitambaa, Mungu anisamehe, hautakata tena sawasawa. Nikafunga kwa uzi wa jinzi, mizunguko ishirini, fundo la fundi. Mikono imechubuka. Wanawake waliokuwa wanamwagilia wakaniangalia. Mmoja akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo.

Ufagio uko chini ya kitanda, nimeufunga kwa kanga. Naogopa. Nikinyimwa, nitaupeleka wapi?

Na furaha ileile ipo. Siielewi.

Jumamosi, 13 Septemba. Chanzuru

Niandike polepole nisikosee.

Makaburi ya ukoo yako Chanzuru, nje kidogo ya mji, pembeni ya shamba lililovunwa mahindi. Tulitoka na jua. Mbele yetu bodaboda, na nyuma ya dereva kile kiti kimefungwa kwa mpira, kitambaa kinapepea. Hata makaburini kimenitangulia.

Nyasi zilizokauka, majani, mawe ya alama. Mjomba Yona yupo, mkuu wa ukoo, anatembea kwa fimbo. Mchungaji kapewa nafasi akatoa sala fupi, akasogea pembeni. Mikeka ya wageni imetandikwa. Kiti changu juu ya mkeka. Nikasimama karibu yake, sikukaa. Ufagio ndani ya kanga, kwapani.

Mjomba Yona akaita mmoja mmoja. Mtu anasema yeye ni wa nani, wa nani, wa nani, anakwenda kaburini kwake na ufagio. Wazee, wanawake, wajukuu. Neema akaenda. Wakaisha. Mjomba akanitazama.

"Na yule aliyesimama ni nani?"

Nikasema. Mimi ni Naomi wa Eliza. Eliza ni wa Ruti, aliyelala hapo. Jumatatu nilijibu nilivyofundishwa, sikudanganya, ila nilianza na wa baba na mama sikumfikia. Jina la ukoo wetu silijui. Naomba niambiwe.

Mama mdogo alikuwa ameinama anang'oa magugu. Hakuinuka. Akasema, bila kunitazama, "Mlimzika dada yangu bila sisi."

Hapo nikasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikujua kwamba bado ninalo.

"Mama mdogo, na mimi sikuitwa. Watoto walifungiwa chumbani. Nilisikia nyimbo kupitia ukutani. Kaburi nilionyeshwa baadaye."

Nililia. Sikujizuia. Miaka hamsini na tatu nimebeba zile nyimbo.

Mama mdogo akainuka. Akaja mpaka niliposimama. Akanitazama usoni kama siku ya kwanza, kisha akavuta kile kitu kwapani mwangu, akafungua kanga, akaona ufagio. Akaugeuza. Akavuta uzi.

"Fundi gani anafunga ufagio hivi? Umeufunga kama lastiki ya sketi. Utafumuka kabla hujafika miguuni."

Akakaa chini palepale, mzee yule, akakata uzi wangu wote kwa meno, akachukua ugwe wa katani kutoka kiunoni mwake, akaufunga upya. Alivuta kila mzunguko kwa nguvu na kunung'unika kwa Kikaguru. Hakuna aliyehamia Kiswahili. Akanirudishia.

"Kafagie kwa bibi yako. Anzia kichwani uende miguuni. Ukienda kinyume unamrushia vumbi usoni."

Mjomba Yona akalitamka jina la ukoo. Akalirudia mara tatu, nami nikalirudia mara tatu. Sitaliandika. Mama mdogo anasema hilo ni la mdomo.

Nikafagia. Kaburi la Bibi Ruti ni dogo, mawe sita, na chungu kilichovunjika upande wa kichwani. Kuanzia kichwani, kwenda miguuni. Vumbi, majani, mchwa. Kiuno kinaniuma mpaka sasa na sitaki kiache.

Kiti alikikalia mchungaji.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani, kisha nyumbani. Mlenda, ugali, dagaa. Kuku wanatembea uani bila hofu yoyote.

Nimekaa kwenye kigoda, mguu wake mmoja mfupi. Nimechambua mboga, nikaambiwa natupa majani mazuri. Nimechota maji kisimani mtoni mara nne, mchanga ukajaa viatuni. Nimemwagilia matuta mawili ya vitunguu, Neema akasema nimeyazamisha. Sukari imefunguliwa. Mkwe kajifunga kitenge kimoja, ncha zinafumuka, nimemwambia akivue nikikunje upindo.

Leo sina la kuogopa. Ni siku nzuri kuliko ya tembo.

Jioni Mama mdogo akaniuliza kaburi la mama liko wapi hasa, na nani analifagia. Nikamwambia lipo nyuma ya nyumba ya baba, limejengwa kwa sementi.

"Sikuuliza sementi."

Hakuna anayelifagia. Nimemwambia ukweli. Kisha akasema kesho niuchukue ule ufagio, nisiuweke ndani ya begi ukavunjika, niubebe mkononi.

Jumanne, 16 Septemba. Same

Nimerudi jana jioni. Wenzangu wa treni waliutazama ufagio, hakuna aliyeuliza.

Leo sijafunua cherehani. Nimekunywa chai, nimemeza kidonge, nikaenda nyuma ya nyumba ya baba. Asubuhi, upepo kidogo. Sementi imepasuka pembeni na majani yameota kwenye ufa. Nikalitamka jina la ukoo, mara tatu, kwa sauti ya kawaida. Nikaanzia kichwani.

Nilipofika miguuni nikakaa chini. Sikulia. Nilisikia kengele ya shule, mbuzi, mtu anachanja kuni.

Simu ikaita. Mama mdogo, kwa simu ya Neema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na majani ya pembeni?"

"Bado, Mama mdogo."

"Basi hujamaliza."

Akakata. Nimeng'oa majani.